Nyuki Hawajui Kijerumani

Wolschke, Jumanne baada ya mazishi

Mpwa wangu mpendwa Marlis,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako Siegmar, mzima wa mwili ila usingizi umemkimbia. U hali gani huko Leipzig? Kikohozi kimepoa? Bibi yako Erna anakusalimu. Anakula viazi kwa jibini laini na mafuta ya kitani, na analalamika kwamba vimepoa, kama kawaida yake. Pole kwa mtihani uliokuzuia kuja kumzika kaka yake, Babu Traugott. Tulimzika vizuri. Jeneza nililibeba mimi, wale wengine walikuwa wameligusa tu.

Sasa, kazi uliyonipa. Ulisema kitabu chako cha historia ya kijiji kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa, na kimekwama kwenye dai moja: kwamba Wawendi, wale Waslavi waliofika huku kutoka mashariki zamani za kale, wote waliondoka Wolschke Wajerumani walipokuja, na sisi ni uzao wa walowezi wa Rhine, hatuna hata tone la Uslavi. Kila mtu hapa analisema. Wewe ukataka kujua nani alilisema kwanza, maana baraza linakingoja kitabu chako ndipo liamue kama kibao cha kijiji kiandikwe kwa lugha mbili, Kijerumani na Kiwendi. Ulimpata mtu wa kazi! Mimi ndiye niliyefukua vigae vya vyungu vya Wawendi, vyenye michoro ya mawimbi, nikivuna viazi, watu wa makumbusho wakaja na magari mpaka barabara ikafungwa.

Nilianza kwa Mwalimu Jurk, aliyeandika kile kijitabu cha zamani. Akaniuliza nimejifunza kusoma tangu lini. Nikamjibu kwamba nasoma polepole ili maneno yasinikimbie. Akacheka, akakiri kuwa habari ile aliipata kwa Mchungaji Budarick. Mchungaji nilimkuta juu ya ngazi akizibua mfereji wa paa, nikamwambia hashuki mpaka aseme. Akasema, Siegmar, shika ngazi kwanza. Kisha akaniambia kwamba alielezwa na mzee anayekijua kijiji kuliko wote, na anashangaa namuuliza yeye wakati mzee huyo nakula naye meza moja.

Ni bibi yako, Marlis. Kijitabu, mahubiri, kelele zote za baa, chanzo chake ni mama yangu! Nikamuuliza yeye aliipata wapi. Akasema kila mtu anajua. Nikasema kila mtu amejua kutoka kwake. Akaniambia nikanawe mikono.

Sijamaliza kumbana, Babu Traugott akafariki. Unajua kwetu mwenye mizinga akifa lazima nyuki waambiwe, la sivyo watahama au watakufa. Nilikwenda mimi. Nikagonga kila mzinga, nikawahutubia kwa Kijerumani fasaha, hata mchungaji hajawahi kukifikia. Nakuapia baadhi yao waliinamisha vichwa. Niliporudi jikoni bibi yako akauliza nimewaambiaje. Nikamrudia hotuba yote. Akanitazama kama nimekanyaga zulia kwa buti za zizini, akasema, mpumbavu wewe, watakuelewa vipi? Nyuki hawajui Kijerumani.

Akajifunga kitambaa, akatoka bila mkongojo. Nikamfuata, nikajibanza nyuma ya ua. Marlis, alizungumza nao Kiwendi. Si neno moja la kubahatisha. Alizungumza mfululizo, kama mtu anayempasha jirani habari. Akawatania, akalia, akaendelea. Mama yangu huyuhuyu, ambaye Wawendi kwake ni “wale wa kule bondeni”!

Aliponiona hakukasirika. Alisema utotoni mwalimu aliwachapa waliosema lugha hiyo, basi mama yake akaamua: kwa watu Kijerumani, kwa nyuki lugha yetu, kwani nyuki hawatasema shuleni. Ile habari ya Rhine aliitunga mama yake huyo, watoto wapate cha kujibu wakiulizwa. Bibi yako akairudia mpaka mchungaji akaihubiri na mwalimu akaiandika.

Nilimwambia nitakuarifu. Akasema ukiichapa yeye akiwa hai, hatakaa tena kanisani na watu aliowadanganya. Tangu hapo situlii. Nawasha sigara, naisahau, nawasha nyingine. Nikikuficha, kitabu chako kitaubeba uongo wetu. Nikikuambia, namuumbua mama yangu mbele za watu. Jana nikamwambia naandika hata hivyo, kwako tu. Alimenya viazi, kisha akasema, basi aje mwenyewe aniulize, wewe utaongeza mbwa mwitu kwenye hadithi. Akaongeza kwamba siku yake ikifika lazima awepo wa kuwaambia nyuki, na mimi nimeshaonekana sifai. Sijui kama atakuruhusu kuchapa. Njoo kabla ya Ijumaa.

Kuna jambo sijamwambia hata yeye. Pale nyuma ya ua nilisikia jina langu katikati ya maneno yale, Siegmar, tena Siegmar, na sikujua kama ananisifu au ananisikitikia. Nimeishi naye nyumba moja maisha yangu yote, na siku ile niliwaonea wivu nyuki.

Wasalimie unaokaa nao, na ufunge skafu shingoni.

Mjomba wako anayekungoja kituoni,
Siegmar