Alama Yangu Haichorwi Chini

Jumamosi, jua linashuka. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwa chai. Mikono imechubuka, kwa hivyo mkiona herufi imepotea hapa na pale, si eti sijui kuandika. Ni mikono.

Anayefika hapa mara ya kwanza ajue mimi ni Kimanzi, wa upande wa Nuu, mfuga nyuki. Uliza mtu yeyote. Shule niliachia darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa ananichelewesha. Binti yangu Mwikali, aliyeolewa Kibwezi, ndiye alinifungulia huu ukurasa, ati niandike mambo yangu badala ya kumpigia simu kila jioni. Naandika kwa kidole kimoja. Kinatosha.

Leo kidogo ukoo wangu unitupe. 

Lazima nieleze mambo ya alama kwanza, la sivyo hamtaelewa. Kwa ukoo wetu mzinga hubeba alama mbili. Ya kwanza ni ya ukoo: mikato miwili iliyolala, na mmoja unaipitia katikati. Hiyo unaichonga chini, mchana, mbele ya watu, gogo likiwa magotini. Ya pili ni yako wewe mwenyewe. Hiyo unaichonga ukiwa juu ya mti, mzinga ukishakaa kwa tawi, kabla nyuki hawajaingia. Ukiichonga chini, mzinga utakaa mtupu mpaka uoze. Baba alinifunza hivyo na sijawahi kuona akikosea kwa mambo ya nyuki.

Yangu ni mwezi mchanga. Ya ndugu yangu Mutua ilikuwa nukta tatu. Mutua sasa ni marehemu, lakini mjane wake Kalondu ameendelea na nukta hizo, na mti anapanda mwenyewe, amevaa suruali za marehemu. Watu walisema, wakasema, wakachoka. Asali yake ni nzuri. Si kama yangu, lakini ni nzuri.

Sasa, kikundi chetu cha wafuga nyuki kiliajiri afisa, msichana anaitwa Mwende. Huyo ndiye alituletea blokcheni.

Nilipoisikia nilikataa. Nilijua ni yale maneno ya pesa za mtandao, zile watu wanaonyeshwa kwa simu halafu zinapotea. Mwende akasema hapana mzee, hapa hakuna shilingi hata moja. Akaeleza kwamba wale wa pesa walitengeneza kitabu ambacho kinakaa kwa kompyuta nyingi dunia nzima kwa wakati mmoja, na kila kompyuta inachunga nyingine. Kikishaandikwa kitu, hakuna mtu mmoja anaweza kukifuta, awe chifu, awe mwenyekiti, awe nani. Wao wanaandika pesa. Sisi tutaandika alama za mizinga. Wezi wamezidi kule kilimani, na mwizi akishakwangua alama ya mtu na kuchonga yake, utamshtaki kwa ushahidi gani?

Nikauliza, "Haifutiki kabisa?"

"Kabisa, mzee. Hata mimi siwezi."

Basi hapo nikaipenda. Maisha yangu yote nimekuwa natafuta mahali pa kuandika jina langu ambapo hapafutiki.

Nikawa wa kwanza kwa laini. Kulikuwa na meza nje ya kanisa na watu wamejaa. Mwende akanipa simu nichore alama yangu kwa kidole. Nikachora mikato miwili, nikapitisha mmoja katikati. Nikaacha hapo. Si tulikuwa chini? Mwezi wangu ningeuchoraje chini?

Akaniangalia. "Ndiyo yote, mzee? Hakuna kitu unaongeza?"

Hapo ndipo ningeeleza. Maneno kumi hivi yangetosha. Lakini watu walikuwa wananitazama, na msichana niliyemjua akiwa mgongoni kwa mama yake ananiuliza mambo ya mzinga mbele yao.

"Wewe, unanifunza nyuki?"

Watu wakacheka. Mwende akabonyeza.

Na niseme ukweli, nilifurahi. Nilipoona kwa kioo imeandikwa alama hii ni ya Kimanzi, nilizunguka soko lote nikiionyesha. Nilimwonyesha hata Hassan, mwenye duka la kamba na ndoo, aliyetoka kwao kaskazini. Akasema, "Mashallah, mzee. Sasa hata ukifa utaendelea kutusumbua."

Sikujua nimefanya nini. Wallahi sikujua, kama anavyoapa Hassan.

Alhamisi nikajua. Kwa njia ya kilimani kuna walinzi wa kikundi, na tulikubaliana sisi wenyewe kwamba anayepita ni yule ambaye alama ya mizinga yake inasoma jina lake kwa simu. Kalondu akafika na ndoo yake na moshi wake, tayari kuvuna. Mlinzi akaangalia. Simu ikasema mzinga wowote unaoanza na ile mikato ni wa Kimanzi. Nukta tatu hazikuhesabiwa, maana mikato ya ukoo mzima ilikuwa imeshaandikwa yangu. Akarudishwa kama mwizi, mbele ya watu wanaomjua.

Na asali haingoji. Nyuki wameshafunika masega, na nyegere ameanza kuzunguka huko. Mzinga mmoja wa Kalondu ameshauangusha na kuupasua. Nyegere haombi ruhusa kwa simu. Akimaliza hiyo mingine, hakuna kitu cha Mutua kitakuwa kimebaki juu ya hicho kilima.

Kalondu alikuja kwangu moja kwa moja, hajatua ndoo.

"Shemeji, nimeambiwa mimi ni mwizi wa mizinga ya bwana yangu."

"Hiyo ni mashini, Kalondu. Mimi sijasema hivyo."

"Na mashini iliambiwa na nani?"

 Nilijifanya naangalia kuku.

Leo asubuhi wazee wa ukoo wakaniita uwanja wa kanisa. Nilivaa koti. Nilifikiri nikivaa koti wataongea polepole. Mzee Ngui, ambaye tumekuwa tukishindana tangu tukichunga mbuzi, hakungoja hata nikae.

"Kimanzi, umemeza ukoo mzima. Hata maji ya kusukuma hukuomba?"

Hakuna aliyecheka. Hapo nikajua mambo ni mabaya, kwa sababu Ngui huchekwa hata akisema salamu.

Wakasema nifute. Mwende akasema haifutiki, ndiyo maana yake. Kitu kinawezekana ni kuandika mpya chini ya ile ya kwanza: alama ya ukoo iende kwa ukoo, na kila mtu aongeze yake. Lakini anayeweza kuandika hiyo ni mimi peke yangu, kwa simu yangu na neno langu la siri. Zote mbili zitakaa hapo, ile na hii, mtu yeyote aone.

Ngui akasema, "Basi aandike sasa hivi. Akikataa, hakuna mtu wa ukoo huu atamshikia kamba tena."

Kwa asiyejua, mzinga wa juu hauteremki bila mtu wa kushika kamba chini. Kuambiwa hivyo ni kuambiwa kaa nyumbani ungoje kufa.

Wakaniwekea kiti. Mwende akanipa simu yangu. "Chora tu mwezi wako hapa, mzee, tumalize."

Nikakaa nikiangalia hiyo simu. Jasho likashuka mpaka ndani ya koti. Ningechora tu. Mtoto wa nasari angechora. Kalondu alikuwa amesimama pale nyuma, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka, na hayo ni mabaya zaidi.

Nikasimama.

"Siichori hapa."

Uwanja ukachafuka. Mmoja ananiita mchoyo, mwingine ananiita mchawi. Nikangoja wamalize.

"Sijasema siichori. Nimesema siichori chini. Nitaichora pale inapochorwa."

 Hiyo desturi wazee wanaijua. Hata Ngui aliangalia viatu vyake. Ndipo wakaelewa kwa nini nilichora nusu siku ile, na mimi ndipo nikaelewa kwamba ningeweza kuwaambia tangu Alhamisi.

Kalondu akauliza, "Na hilo goti?"

"Goti ni langu."

Sasa hii niandike hapa, kwa sababu Mwikali alisema shajara ni ya ukweli. Watu wote Nuu wanajua napanda alfajiri wakiwa wamelala. Wanajua kwa sababu nimewaambia. Siyo kweli. Tangu goti liharibike mizinga ya juu sijaigusa. Navuna ile ya chini, ile ningeifikia hata nikiwa nimebeba kikombe.

Tukaenda kilimani, mimi, Mwende na Kalondu. Wazee walibaki kwa lango la walinzi. Kufika kwa ule mkwaju mkubwa, nikakumbuka sina wa kushika kamba mpaka niandike.

Kalondu akaiokota. "Wamesema mtu wa ukoo. Mimi niliolewa tu."

"Utanishika?"

"Nashika mizinga yangu, shemeji. Wewe uko tu katikati."

Nikapanda. Sitaeleza vile nilipanda. Nilipanda. Nyuki walikuwa wakinguruma huko juu kama lori linalopanda mlima, na moshi wa Kalondu ulikuwa unaenda upande mwingine kwa sababu ya upepo. Nikafika panda ya kwanza, pale shina linapogawanyika, goti likakataa. Mizinga yangu ilikuwa juu zaidi.

Mwende akaita, "Umefika, mzee?"

"Nimefika. Mti unaanzia hapa."

Wakanivutia simu kwa kamba, ndani ya mfuko wa ngozi wa asali. Nikafungua. Alama ya ukoo, ikaniuliza iende kwa nani. Nikaandika UKOO, herufi moja moja, na nyuki mmoja akitembea kwa kope yangu. Sikupepesa. Nikachora mwezi mchanga. Ulitoka umepinda, lakini hata ule wa angani huwa umepinda.

Halafu ikaleta mahali pa kuandika sababu.

"Andika nilikosea!" Mwende akapaza sauti. "Inatosha!"

Nilikosea? Nilifikiria hilo neno nikiwa nimekumbatia tawi. Likiingia humo litakaa hapo mimi na Ngui na wajukuu wa Ngui tukiwa tumeshaoza. Lakini pia singeweza kuandika sikukosea, maana mtu aliyekosewa alikuwa hapo chini ameshika kamba yangu.

Nikaandika: Ile ilichorwa chini. Hii imechorwa juu ya mti.

Nikabonyeza. Ile duara ya netiweki ikaanza kuzunguka. Ikazunguka. Nyuki wa pili akaniuma shingoni, wa tatu sikioni, na duara bado inazunguka. Niliomba Mungu kwa Kikamba na kwa Kiswahili.

"Imeingia!" Mwende akapiga kelele, akiangalia simu yake. "Mzee, imeingia!"

Kalondu akafunga kamba kwa shina, akapanda akanipita pale kwa panda kama vile mimi ni fundo la mti. Akachukua simu kwa mkono wangu, akaenda mpaka kwa mzinga wa Mutua, akachora nukta tatu huko juu. Ikakubali. Nilimsikia akisema kitu peke yake. Hakuwa anaongea na mimi wala Mwende.

Ikabaki kushuka. Na goti likafunga. Si eti liliuma, lilifunga kabisa, kama kufuli. Nyuki wameamka na mimi nimekwama kama mbuzi kwa ua.

Kalondu akashuka akasimama kwa kisiki cha tawi chini yangu.

"Kanyaga bega."

"Siwezi kukanyaga mke wa ndugu yangu."

"Basi lala huko. Nitakuletea uji asubuhi."

Nikakanyaga bega. La kulia, halafu la kushoto. Aliguna lakini hakuyumba. Mwende alikuwa ameinamia simu yake, au alijifanya.

Tulipofika kwa lango Ngui akauliza, "Alipanda kweli?"

Kalondu alikuwa anakung'uta maganda ya mti kutoka kwa shati lake, pale mabegani.

"Alipanda," akasema. Basi. Hakuongeza lingine.

Sasa niko hapa na sikio limevimba kama andazi. Naangalia ile mashini. Ziko zote mbili, ya chini na ya juu, na zitakaa hivyo. Atakayesoma miaka ijayo atajua Kimanzi wa Nuu alipanda mkwaju. Bega la Kalondu halimo humo. Nimeangalia mara nyingi, halimo.

Liko hapa peke yake, kwa huu ukurasa. Na huu, Mwikali alinionyesha, una mahali pa kufuta. Unabonyeza mara moja, unaulizwa kama una hakika, unabonyeza tena, kwisha.

Kidole kimekuwa hapo juu yake tangu nimalize kuandika.

Jumatatu Kalondu anavuna. Kamba nitashika mimi.

Nimekitoa kidole.