Silensa ya Gari la Baba

Mpendwa Shangazi,

Unisamehe kwa kukawia kukuandikia, barua hii niliianza mtoto hajaota jino na sasa ananing'ata, kila nikishika kalamu ama analia yeye ama mama ananiita, lakini leo kalala na mimi sina pengine pa kulipeleka jambo hili.

Marehemu baba alituachia gari lake la spoti, la milango miwili, jekundu lililopauka, ambalo sisi watoto tulilijua likiwa bado kona ya pili, maana lilinguruma taratibu kama mtu mzima anayesafisha koo, na likifika getini baba halizimi haraka, analiacha lingurume mpaka mama atoke jikoni akifuta mikono na kusema, "Haya, tumeshajua umefika." Asubuhi hatukuwahi kulisikia, kwa sababu baba alilisukuma kwa mkono hadi mteremkoni akaliwashie huko, asituamshe.

Sasa macho ya mama yanafifia, daktari anamtaka kliniki upesi, naye amekataa teksi, amekataa gari la kaka, anasema atapanda la baba likiwa lenyewe. Nikamwita fundi akalifufua, nikaliwasha uani, mama akasema kutoka dirishani, "Hilo silo. Lina haraka." Ndipo nikajifunza kushusha silensa, yaani ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, kila asubuhi navuta choki, nawasha, mtoto mgongoni, bisibisi mkononi, na mama anaagiza, "Shusha. Shusha tena kidogo," mpaka anatabasamu, na tabasamu lile nalipenda kuliko usingizi. Shida ni kwamba juzi nimelijaribisha barabarani likanizimikia katikati ya makutano, lori nyuma linapiga honi, mtoto analia kwenye kiti, na kaka aliposikia akasema, "Dada, hilo ni pambo sasa, lipandie maua." Fundi anataka kupandisha silensa, lakini akipandisha mama hapandi, na macho hayasubiri.

Kwa hiyo nahitaji unitumie haya: ni skrubu ipi hasa, maana kwenye kabureta naona mbili, niizungushe wakati gani, na maneno ya kumwambia mama yasiyomvunja moyo.

Mama Usingizi Haba

*

Mama Usingizi Haba,

Pole, mwanangu. Sasa nikugombeze. Mtoto mgongoni na injini inazunguka? Feni na mikanda ile haina huruma, na moshi anauvuta yeye. Mpe mtu amshike, hata huyo kaka wa maua.

Halafu unapima gari likiwa baridi. Choki ni ya kuamsha injini baridi, ikivutwa injini hukimbia, wewe unaishusha ifanane na ya zamani, kisha ikipata moto na choki ikirudi, haina tena nguvu ya kuendelea kuzunguka. Ndiyo maana limekuzimikia. Soma barua yako mwenyewe: baba alikuwa akiliwashia mteremkoni. Mama yako hakulisikia likiwa baridi hata siku moja. Analolikumbuka ni gari lililotoka safari, lina moto, limetulia. Masikio yake ni mazima. Wewe unampa asubuhi, yeye anaomba jioni.

Mwambie fundi arudishe silensa alivyoiweka. Liendeshe mpaka mshale wa joto utulie mahali pake, choki iwe imerudi yote. Simama mahali pa wazi, tambarare, gia huru, breki ya mkono juu. Skrubu yako ni ile yenye springi, inayosukuma mkono wa akseleta. Ile nyingine iliyozama ni ya kuchanganya hewa na mafuta, usiiguse, mwachie fundi. Zungusha kidogo, ngoja, sikiliza. Kisha washa taa kubwa, zinaipa injini mzigo. Likitetemeka kama linataka kuzima umeshusha mno, rudisha, na hapo ndipo mwisho wake, hata mama akisema bado.

Maneno usiyatafute kwanza. Usimwashie tena gari chini ya dirisha. Toka nalo, zunguka mbali, urudi usimame getini bila kuzima. Akitoka, mfungulie mlango mwende kliniki saa hiyo hiyo. Asipotoka, ingia ndani umwambie kwa upole, bila kupindisha, kwamba anayemsubiri kwenye ule mngurumo ni baba, na baba harudi, ila macho bado yanaweza kuokolewa. Kisha mshike mkono. Teksi iwe imeshaitwa.