Tincha kwenye Kola

Shoga, huyu mume wangu atanitia wazimu!

Nimempelekea chakula pale kwenye duka lake la dawa. Namkuta na yule msichana, msaidizi wake mpya, vichwa vimegusana juu ya kichupa cha tincha ya iodini, eti anamfundisha neno.

"Limetoka kwenye Kilatini," anamwambia, sauti laini kama ya redioni. "Maana yake kutia rangi. Ndiyo maana ikikugusa haitoki."

Kutia rangi! Mimi nilipomuuliza tincha ni nini alinijibu, "Dawa ya kidonda." Basi! Mke hastahili Kilatini!

Sasa hivi nafua shati lake. Nyuma ya kola kuna alama ya kidole, ya kahawia.

Nimesugua weee. Haitoki.

Ni kidole chembamba, shoga. Vya mume wangu unavijua vilivyo vinene.