Maziwa ya Kwanza ya Ng'ombe

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku Wamagana tuko wazima, ni baridi tu, na ng'ombe amezaa jana. Umeniuliza kama nimewahi kuona protini ikigandana kwa moto. Nimeona. Nikiwa msichana, mama yangu akiwa mgonjwa, aliomba maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, yapashwe moto polepole. Nilikuwa na haraka, nikaongeza kuni, yakagandana. Niliweka sufuria kwenye maji baridi ya mto nikingoja maziwa yalegee. Hayakulegea. Mama akasema, "Lete tu hivyo." Alikula vijiko viwili, na hakula tena kitu.

Unasema zile chembe za jeli unazozichunguza huko maabara hushika protini maji yakipata joto, na yakipoa huiachilia. Mimi nimepoa siku nyingi, Wanjiru, na bado nimeishika ile sufuria.

Cucu wako