Aabo, Mkalimani Mpya Amepewa Bastola

Aabo,

Assalaam aleykum, baba yangu. Nimekaa kwenye mkeka wako hapa uani kwetu, mtaa wa Waberi, mahali ulipokuwa ukivua viatu ukirudi kutoka kortini. Hooyo, kama mama yeyote, anadhani ninafanya hesabu za shule.

Nafasi yako ya ukalimani imechukuliwa na kijana wa Eldas anayeitwa Yussuf. Kiswahili chake ni kizuri, ingawa si kama chako. Juma lililopita alipewa leseni ya bastola, na aliyemdhamini ni hakimu mwenyewe. Kila nikilifikiria jambo hili naishia pale pale: kumbe iliwezekana.

Unakumbuka hakimu alipopata yake? Alikuja kula kwetu siku ya joto kali akakataa kuvua koti. Ukamwambia, "Mheshimiwa, koti lako limelemea upande mmoja kama ngamia aliyefungwa mzigo na mtoto." Akacheka mpaka chai ikampalia. Kisha akasema, "Nawe utapata, mzee. Mdhamini wako ni mimi. Mtu wa korti yangu hawezi kutembea mikono mitupu." Mimi ndiye niliyeshika birika, nilisikia. Alipoondoka ukasema, "Huyu akiahidi, hesabu jambo limekwisha."

Wewe uliihitaji kuliko yeye. Hakimu alisema kwa Kiswahili, "Ninakufunga miaka saba," nawe ukasimama ukasema kwa Kisomali, "Ninakufunga miaka saba." Nilikuuliza kwa nini usiseme kwamba hakimu ndiye anayefunga. Ukanieleza kuwa mkalimani haongezi wala hapunguzi. Anayemsemea akisema "mimi", naye anasema "mimi". Lakini watu waliotoka malishoni kusikiliza kesi hawakujua kanuni hiyo. Walimwona mtu mmoja tu akimfunga ndugu yao kwa lugha yao, na mtu huyo akarudi nyumbani kwa miguu.

Aliyekupiga risasi ulipotoka msikitini baada ya alasiri aliyasema hayo hayo mbele ya watu: "Wewe ndiye uliyemfunga kaka yangu." Hata polisi walipomshika alirudia. Jina la hakimu hakulitaja kabisa.

Hakimu alikuja msibani. Alimwambia Hooyo, "Mama, nimepoteza ndugu." Nilimwamini, Aabo. Nilimletea maji kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha.

Kwa hiyo niliposikia habari ya Yussuf nilikwenda kortini nikiwa nimevaa sare ya shule. Nikamuuliza hakimu, nikimwita ami kwa heshima, "Adeer, kwa nini yeye na si baba?" Hakunifukuza. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Binti yangu, afisa wa leseni aliniuliza kama naweza kumdhamini Msomali wa hapa hapa, mwenye ukoo wake mjini, atembee na silaha ndani ya koti. Nikanyamaza."

"Na Yussuf, si Msomali?"

"Safari hii nilijibu."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia uongo. Uongo ningeuchukia tu, basi. Lakini wewe ulimsemea mtu yule maneno yake yote, hata yaliyokuwa mazito mdomoni mwako. Siku moja tu alipotakiwa akusemee wewe, alikosa neno. Na ulipokufa, akalipata.

Hooyo anasema bastola isingekuokoa, wangekufa wawili badala ya mmoja. Labda. Mimi sijui mambo ya silaha. Ninachojua ni kwamba uliingoja leseni ile ukiamini kwamba kuna mtu anakusimamia.

Nilimwambia mwalimu kwamba sitaki tena kusoma sheria. Halafu jana Yussuf alikuja kumsalimu Hooyo, amembeba binti yake mdogo, na koti lake limelemea upande mmoja. Nikataka kucheka. Nikaenda jikoni nikalia. Yule mtoto alinifuata akaniuliza, "Abaayo, dada, nani amekupiga?" Nilimwambia ni moshi. Kisha nikafurahi, kweli nilifurahi, kwamba baba yake atarudi naye nyumbani.

Leo asubuhi nimemwambia mwalimu nimebadili nia.

Aabo, Mungu aipanue nafasi yako huko uliko. Viatu vyako nimevipangusa vumbi, viko pale pale mlangoni. Nami nakuahidi hivi: nikikikalia kile kiti cha hakimu, sitamwachia mtu mwingine neno langu zito. Nitamtazama mshtakiwa machoni nimwambie kwa Kisomali, kwa mdomo wangu, watu wake wote wakisikia: "Ni mimi ninayekufunga. Huyu aliyesimama kando yangu amenipa sauti yake tu." Kisha mkalimani wangu ataenda nyumbani kwa miguu, na atafika.

Bintiyo,
Halima