Hamdi na Kikombe Chekundu

Mdogo wangu Fardosa, salaam aleikum kutoka Garissa, ambako jua ni lile lile la kwetu Hulugho, ila hapa linachoma watu wengi kwa mpigo.

Hamdi wangu aligoma kunywa maziwa ya ngamia tangu tufike. Roho ikawa juu juu: mtoto asipokunywa, itabidi niache kozi ya kushona nirudi nyumbani. Eeddo, shangazi yetu mwenye nyumba, akasema, "Wallahi ni jicho! Mmemsifu bila kusema mashallah." Mimi nikasema ni kukosa moshi, kwa sababu kwetu chombo cha maziwa hufukizwa kwanza, na hapa yanakaa kwenye mtungi wa plastiki tu.

Basi nikachemsha maziwa, nikafukiza kikombe kimoja, kingine nikakiacha, nikayagawa. Hamdi akanywa ya moshi! Nikapiga vigelegele.

"Tulia wewe," Eeddo akasema. "Cha moshi ndicho chekundu. Utajuaje si rangi?"

Nilinuna, lakini kweli sikujua. Asubuhi nikafukiza cha buluu. Hamdi akakisukuma, akanyakua chekundu kisicho na moshi, akamaliza yote.

Sasa Eeddo anajigamba kwa majirani, na lile la jicho kalisahau kabisa. Leo kanunua kikombe kingine chekundu, eti tuhakikishe si kile kimoja tu.

Kozi naendelea nayo, inshallah. Mbusu Hooyo, umwambie binti yake kashindwa na kikombe, na hajawahi kufurahi hivi.

Dada yako, Mama Hamdi