Peke Yangu Chini ya Mteremko

Palma, Machi 2014

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Alima,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umeamka salama na kifua kimekuachia, maana Inácio wa gari la abiria aliporudi kutoka huko ng'ambo ya Rovuma alituambia alikukuta unakohoa. Mama Mkubwa naye anaendeleaje? Ameanza kula, au bado anataka uji tu? Huku kwetu mvua haijapumzika. Ukuta wa jiko umeanguka upande wa kisimani, kuku wamehamia ndani, na Shemeji Nazira anawafukuza kwa ufagio na kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Watoto wake hawajambo. Mimi kwa mwili sijambo.

Najua habari zimenitangulia, kwa sababu Inácio hawezi kukaa na neno. Amekwambia kwamba nimeshinda mashindano ya baiskeli, nimepata kazi ya kudumu, na Kaka Aiuba ameumia. Yote ni kweli. Ila Inácio hakuwapo, mimi nilikuwapo. Nashukuru wewe huhitaji mtu wa kukusomea. Kaa kitako, Mama, uisome peke yako.

Tangu wageni walipoipata gesi baharini, kila mtu hapa anasubiri kuitwa. Mimi niliitwa mapema kwa sababu ya shule. Nikawa naandika, natafsiri kwenye mikutano, nikapewa kiti chenye magurudumu. Lakini ilikuwa kazi ya muda. Mwezi wa Januari chefe wetu wa ofisi, Senhor Orlando, alitukusanya makarani akasema kazi ya kuandikisha watu inakwisha, na masika yakiisha kila mmoja arudi kwao. Sikukwambia. Sikumwambia hata Kaka, aliyenisomesha kwa kupandisha samaki barani kwa baiskeli mwaka hadi mwaka. Ningemtazamaje?

Halafu ukaja mpango wa mashindano. Meneja wa kampuni, mgeni mrefu anayependa baiskeli kuliko chakula, alitaka kuufurahisha mji. Watu washindane kuteremka, kuanzia juu uwandani kwenye njia ya Nhica hadi chini kwenye mashamba ya mpunga. Zawadi ilikuwa moja tu: mshindi ataajiriwa kwenye kambi ya kampuni kwa kudumu. Watu walidhani ni utani. Mimi ndiye niliyelitafsiri lile tangazo, na nilirudi kumuuliza Senhor Orlando kama nimeelewa vizuri. Akasema nimeelewa, na hata karani anaruhusiwa kushindana, kama makalio yake hayajaganda kwenye kiti.

Kaka Aiuba aliitaka kazi ile kuliko mtu yeyote. Siku hizi magari yenye barafu yananunua samaki pale pale wanapotua, na watu wa baiskeli hawana cha kubeba. Tangu uondoke alikuwa anashinda barazani akipaka mafuta mnyororo usiokwenda popote. Aliposikia tangazo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akamwambia Nazira aanze kujizoeza kumwita bosi. Nazira akamjibu kwamba bosi kwanza akajenge ukuta wa jiko.

Aliponiona nami nimejiandikisha, alinitania mbele ya wenzake wote. Akaniita Mheshimiwa Kalamu, akauliza kama nitateremka na mwavuli. Germano, yule Mmakonde mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, akashauri nifungwe kamba kwenye kiti nisije nikamwagika. Nilicheka nao. Kaka alidhani nimeingia kwa mchezo, ili nimsindikize. Nilimwacha adhani hivyo.

Mama, wewe umeolewa na mtu wa baiskeli na umemzaa mtu wa baiskeli, unaijua desturi yao kuliko mimi. Wakiwa njiani, akianguka mmoja, wote wanashuka. Hakuna anayempita aliyeanguka, kwa sababu mzigo wa samaki ukimlalia mtu, hainuki peke yake. Wanamwinua, wanamfungia mzigo, na safari inaendelea kwa mpangilio ule ule. Aliyekuwa mbele anabaki mbele, hata kama amewachelewesha wote. Hakuna aliyefikiria kuwaambia kwamba mashindano si msafara.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri. Njia ikawa uji mwekundu. Watu wa samaki walikuja na baiskeli zao nzito za chuma, wamezing'oa madigadi ili tope lisigande, na wengi hawakuwa na breki nyingine isipokuwa soli ya kandambili ya tairi, ambayo wanaikandamiza kwenye gurudumu la nyuma. Sisi wa ofisini tuliazimwa baiskeli za wageni, zenye springi mbele na breki zinazoshika kwa kidole kimoja. Haikuwa haki. Nililiona hilo, na bado nikavaa kofia ngumu niliyopewa.

Niliogopa, Mama, tangu filimbi ilipopulizwa. Mbele yangu watu waliteleza ubavu ubavu, wakiinuka, wakitukanana, wakicheka. Germano aliingia kichakani mzima mzima na baiskeli yake, akatoka na jani la mgomba begani, anauliza nani amehamisha njia. Mimi nilishika breki na kuachia, nikashika na kuachia, na ile baiskeli ya wageni ikanivusha mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki nyuma ya Kaka Aiuba peke yake. Tope lilikuwa linaruka kutoka kwenye gurudumu lake na kunipiga usoni. Yeye alikuwa anaimba. Hakugeuka, hakujua ni mimi.

Kwenye kona ya daraja la magogo soli yake iliteleza. Alianguka, mguu ukaingia kati ya magogo, baiskeli ikamjia juu. Waliokuwa nyuma yetu walipofika walifanya walivyozoea. Wote, Mama. Walitupa baiskeli zao, wakaingia mtaroni, wakayainua magogo kwa mabega. Hata karani mwenzangu Luzia, ambaye hajawahi kubeba samaki hata mmoja, alishuka akamshika Kaka kichwa.

Mimi nilifika chini peke yangu.

Baadaye wakaja wamembeba Kaka juu ya fremu ya baiskeli, wote wekundu kwa tope, hakuna aliyetambulika. Walipokwisha kumpakia kwenye gari la huduma ya kwanza, Germano alimwendea mtu wa saa akamwambia amwandike Aiuba wa kwanza. Mtu wa saa hakuelewa. Germano akamweleza kwa subira, kama anayemweleza mtoto, kwamba Aiuba ndiye aliyekuwa mbele alipoanguka, kwa hiyo wa kwanza ni yeye, wa pili ni mimi, Nurdine, na wengine wapangwe walivyokuwa kwenye kona. Wageni walicheka mpaka mmoja akashika magoti. Germano aliwatazama, halafu akanitazama mimi, akingoja nimtafsirie. Nilimwambia kwamba sheria zao ni nyingine.

Kisha meneja alishika kipaza sauti. Alisema kwa Kireno chake cha kuungaunga kwamba huyu kijana ndiye mtu anayetakiwa kambini, mtu asiyesimama kwa lolote wala kwa yeyote. Akanipa kipaza sauti niwatafsirie watu. Nikasema kwamba meneja anawashukuru kwa kuja na anamwombea Aiuba apone. Wakapiga makofi. Meneja naye akapiga makofi.

Sasa jambo ambalo Inácio hakukwambia, kwa sababu tulimficha. Kaka amekatwa mguu, Mama, chini ya goti. Walimpeleka Pemba, wakajitahidi siku kadhaa, ikashindikana. Amerudi nyumbani, anakula, homa imemtoka. Usilie ukamtisha Mama Mkubwa. Nilitaka ulijue hili kwa mkono wangu, kabla hujalisikia garini.

Na sasa niandike lile ambalo nimelizunguka tangu mstari wa kwanza.

Kaka alipoanguka hapakuwa na mtu mwingine pale konani. Nilikuwa mimi na yeye. Nafasi ya kupita ilikuwa nyembamba, kati ya kichwa chake na mtaro. Nilipunguza mwendo ili nisianguke, si kwa ajili yake. Aliinua uso akaniona. Akaniita Nuru, jina lile ambalo mnaniita nyumbani tu. Akanyoosha mkono akaishika suruali yangu kwenye kifundo cha mguu. Nikauchomoa mguu. Nikakanyaga pedali.

Nilipofika chini watu waliniuliza wenzangu wako wapi. Gari la huduma ya kwanza lilikuwa limesimama hapo hapo, dereva anakula karanga. Nikasema sijui. Niliogopa kwamba nikisema kuna mtu ameumia, watayafuta mashindano na kuyarudia siku nyingine, na siku nyingine nisingeshinda. Hivyo walikaa wakinipongeza, na Kaka akaletwa kwa mabega ya watu njia yote ile. Nilimuuliza muuguzi, anaitwa Gracinda, kama kufika mapema kungeuokoa mguu. Akasema ni tope lililoingia kwenye mfupa, si muda. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia.

Ninaweza kuikataa kazi. Nimelifikiri hilo. Nazira hajui lolote, na kila asubuhi ananiambia Mungu amechukua kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine, kwamba sasa angalau yupo mtu wa mshahara nyumbani. Lakini sitaki kujificha nyuma ya Nazira. Hata asingekuwapo, ningekwenda. Naogopa kurudi barazani kukaa na wale wanaosubiri kuitwa. Niliogopa hivyo pale konani, na bado naogopa.

Jumatatu nahamia kambini. Huko tunalala ndani ya uzio, na ruhusa ya kutoka ni ya nadra. Kaka anahitaji mtu wa kumshika anapokwenda chooni na anapotawadha, na Nazira ni mjamzito, hawezi tena kumwinua. Nakuomba urudi, Mama, kama Mama Mkubwa anaweza kuachwa na binti zake. Inácio atakungoja upande wetu wa mto. Ukifika mimi nitakuwa nimeshaondoka, na labda ni afadhali, kwa sababu sijui ungeniitikiaje.

Msalimie Mama Mkubwa, mwambie tunamwombea. Wasalimie dada zangu wote wa huko. Nazira anakusalimu na anauliza kama kuna kanga za bei nzuri. Germano anakusalimu kwa heshima. Huja kumtazama Kaka kila siku, mimi huniitikia salamu na hasemi zaidi.

Kaka Aiuba naye anakusalimu sana. Yuko hapa mkekani karibu nami, anajua nakuandikia. Ameniomba nikwambie kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenipungia mkono akaniambia nipite, nisiiache nafasi ipotee. Ndivyo alivyomwambia Nazira, na Germano, na kila aliyekuja kumpa pole, na hanitazami anapolisema. Ameniuliza sasa hivi kama nimeliandika hilo. Nimemwambia nimeliandika.

Ni mimi mwanao,
Nurdine